Nani Alistahili Kaburi: Kutoka Gitega hadi Muyinga

Mnamo Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake za Kifaransa, CVR, ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu 6,032 kwenye mashimo yaliyo karibu na mto Ruvubu, katika uliokuwa mkoa wa Karusi. Pamoja na mifupa zilitoka risasi, nguo, miwani na rozari, na kwa vitu hivyo baadhi ya familia ziliwatambua watu wao. Waliofukiwa pale waliuawa mwaka 1972, na mashahidi walisimulia habari za malori yaliyokuwa yakitoka Gitega. Katika mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 Karusi iliunganishwa na mkoa wa Gitega, kwa hiyo mashimo hayo sasa yamo ndani ya mkoa ule ule walikotoka marehemu. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba nchini Burundi kaburi linalojulikana halijawahi kuwa jambo la familia peke yake. Tangu enzi za wafalme limekuwa kitu cha kutolewa na kunyimwa, na anayetaka kujua ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye nchi atapata jibu mapema zaidi makaburini kuliko katika katiba.

Katika ufalme wa zamani waliokuwa na kaburi la kudumu walikuwa wachache sana. Maiti ya mwami, yaani mfalme, ilikaushwa kwa moto, ikafungwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, kisha ikapelekwa nyanda za juu za kaskazini-magharibi, kandokando ya msitu wa Kibira, kwenye viunga vya miti mitakatifu viitwavyo inganzo. Mama zao wafalme walikuwa na maziara yao huko Mpotsa. Koo maalumu zilikabidhiwa kazi ya kuyatunza, kizazi baada ya kizazi, na ndiyo maana wanahistoria Jean-Pierre Chrétien na Émile Mworoha, walipoandika juu ya makaburi hayo mwaka 1970, walipata watu wa kuwauliza. Raia wa kawaida alizikwa karibu na makazi yake, na baada ya misimu michache ya mvua hapakuwa na alama. Hilo halikuwa dharau. Kilima kilimkumbuka, mizimu ilijengewa kibanda chake uani, na msiba ulikuwa na hatua zake: kwanza guca ku mazi, siku chache baada ya maziko, halafu kuganduka, sherehe ya kumaliza matanga iliyoweza kuja hata mwaka mmoja baadaye. Aliyetolewa kwa hatua hizo alikuwa ameagwa sawasawa hata kama kaburi lake limeota migomba. Tofauti ya mwami na mtu wake ilikuwa hii: kaburi la mwami lilikuwa la nchi, la mtu wake lilikuwa la rugo, yaani la boma lake na wanawe.

Mpango huo ulimtegemea mtu mwenye kilima. Asiye na kilima je? Swali hilo lililetwa na wageni. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara wa pwani kwa muda mrefu, hata Rumaliza wa Ujiji, aliyekuwa tishio katika eneo la ziwa Tanganyika, hakuweza kuliteka bara la Burundi. Lakini baada ya mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903 Wajerumani walipata nguvu, na mwaka 1912 wakahamishia makao yao Gitega. Nyuma ya askari walikuja makarani, mafundi cherehani na wachuuzi waliozungumza Kiswahili, na baadaye jamaa za namna hiyo zikakaa pia Muyinga, kwenye njia ya kwenda Tanzania. Mtu wa Tabora au wa Manyema akifia Gitega hakuwa na rugo wala shangazi wa kumlilia. Waislamu walikuwa na jibu tayari, kwa kuwa kumzika maiti ni faradhi ya kifaya: wakitimiza wachache, wote wamesalimika, wasipotimiza hata mmoja, wote wana dhambi. Basi maiti anaoshwa na watu wasio wa damu yake, anavishwa sanda, jeneza linapokezanwa begani hadi makaburini, anawekwa kwenye mwanandani ubavu wa kulia, mbao zinapangwa juu yake, na kila aliyehudhuria anatupa konzi zake tatu za udongo. Kwa jamii ya watu waliotoka kila upande, uwanja wa makaburi ulikuwa ndio ukoo wao. Wamisionari wa Kanisa Katoliki, waliofungua misheni ya Mugera mwaka 1899, walifanya jambo lililokaribiana na hilo kwa njia nyingine. Mkristo alizikwa mahali pamoja na Wakristo wenzake, chini ya msalaba, na jina lake likaandikwa katika daftari la parokia. Waburundi walipoingia kanisani kwa maelfu katika miaka ya 1930, mkulima alipata kwa wingi kile ambacho zamani kilikuwa cha mwami: mahali panapojulikana na watu wote, panapotunzwa na taasisi isiyokufa naye.

Kuna atakayesema kwamba hapa ninawapamba wakoloni, kwamba babu zetu walilala vizuri bila misalaba wala daftari. Ni kweli walilala vizuri, na sidai kwamba msalaba ulimpa mtu utu ambao hakuwa nao. Ninachodai ni kwamba makaburi ya pamoja, yakishazoeleka, yalibadili maana ya kutozikwa. Asiyeonekana makaburini alianza kuulizwa habari zake. Ndipo mwaka 1972 ukaja.

Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulizuka kusini, na serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa mauaji ya miezi kadhaa yaliyowalenga hasa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, mapadre, wanajeshi. Makadirio ya waliouawa huanzia laki moja na kuendelea. Usiku wa tarehe hiyo ya 29, huko Gitega, aliuawa Ntare V, mfalme wa mwisho, aliyekuwa amerudi kutoka Uganda mwezi mmoja kabla, na akatupwa kwenye shimo la pamoja. Mwana wa nasaba iliyokuwa peke yake na haki ya inganzo alimalizwa bila hata jiwe. Baba yake, Mwambutsa IV, alifia Geneva mwaka 1977. Kaburi lake likafukuliwa mwaka 2012 ili arudishwe nyumbani, ndugu wakafikishana mahakamani, na Uswisi ikaamua abaki huko huko. Kwa familia za kawaida adhabu ilikuwa ndefu zaidi. Hapakuwa na maiti, kwa hiyo hapakuwa na maziko. Na kwa kuwa marehemu alikwisha kuitwa mhaini, kumlilia hadharani kulikuwa kukiri kwamba wewe ni wa mhaini. Guca ku mazi haikufanyika, wala kuganduka. Wajane walikaa katika matanga yasiyo na mwisho, na mali za waume zao zikachukuliwa. Baba yake Pierre Nkurunziza, rais wa baadaye, alikuwa mbunge, naye alikuwa mmoja wa waliouawa mwaka huo.

Miaka ya 1990 ilionyesha upande mwingine wa jambo hilo hilo, ule wa makaburi kugeuka jukwaa. Oktoba 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba, upande wa Gitega, walichomwa moto ndani ya kituo cha mafuta. Mnara wa kumbukumbu umesimama hapo, kando ya barabara ya Bujumbura. Alfajiri ya tarehe 20 Julai 1996 waasi waliivamia kambi ya Watutsi waliokimbia makwao huko Bugendana, wakaua zaidi ya watu 300. Rais Sylvestre Ntibantunganya alikwenda mazikoni siku tatu baadaye, akatupiwa mawe na kinyesi cha ng'ombe. Punde baadaye alikimbilia nyumbani kwa balozi wa Marekani, na tarehe 25 jeshi likamrudisha rais wa zamani, Buyoya, madarakani. Sisemi kwamba mazishi ndiyo yaliyoiangusha serikali, maana jeshi lilikuwa na hesabu zake. Lakini waliosimama kando ya makaburi ya Bugendana walikuwa wanatamka, kwa mawe, kwamba rais huyo si mwenzao wa msiba, na kwa desturi ya Burundi asiyeweza kuhani msiba hawezi kudai udugu.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu CVR yenyewe. Wakosoaji wanasema tume imefukua zaidi mashimo ya upande mmoja, na kwamba tangazo lake la Desemba 2021, lililoyaita mauaji ya 1972 mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu, lilikipendeza chama tawala huku wafu wa 1993 na wa miaka iliyofuata wakisubiri. Lawama hiyo ina msingi. Mfupa uliofukuliwa kwa ajili ya siasa unanyimwa heshima mara ya pili, na mashimo yanayochimbwa kwa haraka hupoteza ushahidi. Hata hivyo, dawa ya kufukua kwa upendeleo ni kufukua kwa haki, kwa sababu familia iliyosubiri miaka 48 haina deni la kusubiri zaidi ili wengine wasione wivu. Wengine huleta hoja ya ardhi: nchi ya kilomita za mraba 27,834, ambako kila mtaro wa shamba unagombaniwa, haiwezi kutenga vilima kwa ajili ya wafu. Lakini ninachotetea hakihitaji ekari. Kinahitaji majina, tarehe na mahali, viandikwe na kuwekwa ofisini kwa kila tarafa.

Muyinga inaonyesha kwa nini hilo si la zamani tu. Katikati ya mwaka 2006, vita vikiwa vinamalizika, watu wasiopungua 30 waliokamatwa na wanajeshi mkoani humo waliuawa, na maiti zao zikaonekana zikielea katika Ruvubu, mto ule ule wa mashimo ya 1972. Safari hii wakazi walizungumza, waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu wakafuatilia, na mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ikawatia hatiani wanajeshi kadhaa. Mwaka 1972 hakuna aliyethubutu kuuliza. Mwaka 2006 waliuliza, na hukumu ikapatikana kwa kuwa maiti hazikukubaliwa kupotea.

Nkurunziza alifariki Juni 2020, miezi minne tu baada ya tangazo la Ruvubu, akazikwa Gitega kwa heshima zote za kitaifa. Yeye ana kaburi ambalo baba yake alinyimwa. Serikali iliyomjengea rais wake kaburi imekwisha kukubali kwamba kuzikwa hadharani ni jambo la dola. Basi na ianze daftari hilo: tarafa za Gitega na za Muyinga, ambayo sasa imo ndani ya Buhumuza, ziorodheshe kila shimo linalojulikana, la 1972, la 1993, la 1996 na la 2006, bila kuuliza kabila la aliyemo, kabla wazee wanaoyajua mashimo hayo hawajafa na ujuzi huo.