Chai, Msitu na Maji: Historia ya Utafiti katika Nyanda za Juu za Kericho

1. Utangulizi

Mgeni apitaye Kericho au Bomet huiona michai iliyokatwa sawasawa, ikifuata mikunjo ya vilima, akadhani kwamba mandhari hayo ni ya tangu na tangu. Sivyo. Nchi hiyo ni ya Wakipsigis, na sehemu yake kubwa ilitwaliwa na serikali ya kikoloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, baadhi ya mashamba yalikabidhiwa kwa maofisa wa Kiingereza walioumia vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ilipoanguka, mradi huo ulikufa, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia na kupanda chai.

Chai, basi, ni mgeni aliyekuja kukaa mahali pa wenyeji, na kila ilipoenea, ilielekea msituni. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo makala haya yanalifuatilia: mmea mgeni ukiwekwa mahali pa msitu, mto, udongo na mmea wenyewe huitikiaje? Itadhihirika kwamba jawabu lilitegemea sana muda ambao watafiti walikuwa tayari kungoja.

2. Vijito viwili

Katika miaka ya 1950 kampuni zilitaka kusogeza mashamba ndani ya msitu wa Mau ya Kusini-Magharibi. Msitu huo ni chanzo cha mito inayokwenda Sondu na hatimaye Ziwa Viktoria. Ilihofiwa kwamba miti na mianzi ikiondolewa, mafuriko yangezidi wakati wa masika na mito ingekauka wakati wa kiangazi. Hofu hiyo ilikuwa na wafuasi wengi, lakini haikuwa na vipimo.

Kazi ya kupima ilichukuliwa na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika ya Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga, chini ya uongozi wa Charles Pereira, mtaalamu wa udongo. Mabonde mawili yaliyo jirani yalichaguliwa. Bonde la Lagan, lenye hekta 540 hivi, liliachwa na msitu wake. Bonde la Sambret, lenye hekta 700 hivi, lilikatwa msitu karibu nusu na kupandwa chai. Majaribio ya namna hiyo yalifanywa pia Kimakia, ambako mianzi iliondolewa na kupandwa misonobari, Mbeya, Tanzania, na Atumatak, katika nchi ya Karamoja, Uganda.

Msingi wa kazi hiyo ulikuwa hesabu sahili. Mvua inayonyesha bondeni hupimwa. Maji yatokayo kwa njia ya kijito hupimwa pia. Akiba iliyomo udongoni hukadiriwa. Kinachobaki ndicho kilichonywewa na mimea na kurudi angani kama mvuke. Hesabu ni sahili, lakini kazi yake si sahili: mvua ya Kericho hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na siku moja isiyopimwa huweza kuharibu hesabu ya mwezi mzima.

Taarifa ya kwanza ilichapishwa mwaka 1962, wakati michai ilipokuwa ingali michanga na udongo haujafunikwa vema. Mtu aliyetaka kuthibitisha kwamba chai huharibu mito angeweza kutumia miaka hiyo kama ushahidi, maana maji yaliyotiririka juu ya ardhi yaliongezeka baada ya msitu kukatwa. Lakini upimaji uliendelea. Taarifa kamili ilitolewa mwaka 1979, ikihaririwa na Blackie, Edwards na Clarke, nayo ilionyesha picha nyingine. Michai ilipokomaa na majani yake kufunika ardhi, bonde la Sambret lilitumia maji karibu sawa na bonde la msitu, au pungufu kidogo. Kijito hakikukauka.

Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba jawabu hilo lina masharti. Udongo wa Kericho ni mwekundu, wa kina kirefu, unaofyonza maji upesi. Na mashamba yalitayarishwa kwa hatua za kuhifadhi udongo zilizogharimu fedha nyingi. Ni kosa kulichukua jawabu la Sambret na kulipeleka mahali pasipo na udongo ule wala uangalizi ule.

3. Mmea wenyewe

Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imeanzishwa Kericho mwaka 1951. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, nchi hizi ziligawana urithi wa utafiti, na mwaka 1980 ukaundwa Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya, wenye shamba lake la Timbilil. Wakati huo wakulima wadogo, chini ya shirika lililoundwa mwaka 1964 kwa ajili yao, walikuwa wamekwisha kuwa nguzo ya zao hilo. Swali likabadilika: si mto tu, bali mchai wenyewe hufanyaje baridi, joto na ukame vinapobadilika?

Caleb Othieno alichunguza jinsi matandazo yanavyobadili joto la udongo na ukuaji wa michai michanga. Mwaka 1993, yeye pamoja na Squire na Obaga walieleza jinsi machipukizi yanavyokua polepole kadiri shamba linavyopanda juu na hewa kupoa. Wilson Ng'etich, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cranfield, alionyesha pamoja na Stephens mwaka 2001 kwamba aina za chai hazifuatani kwa daraja moja kila mahali: aina inayoshinda katika shamba moja huweza kushindwa katika shamba lililo juu au chini yake. Kwa mkulima jambo hili si dogo. Mahindi mabaya huondolewa baada ya msimu mmoja. Mchai huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda.

4. Joto la Kericho

Mwaka 2002 Hay na wenzake walichapisha makala yaliyodai kwamba kurudi kwa malaria katika nyanda za juu, Kericho ikiwemo, hakukuandamana na mabadiliko ya hali ya hewa. Walitumia takwimu zilizokadiriwa kwa maeneo mapana. Ubishi mkubwa ukafuata. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walirejea kwenye vipimo vya kila siku vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho, tangu 1979 hadi 2009, ambavyo zaidi ya asilimia 97 vilikuwa vimehifadhiwa. Walikuta joto limepanda kwa kiasi cha nyuzi 0.2 za Selsiasi kila miaka kumi. Ushahidi ulikuwa umelala katika daftari za kituo muda wote huo.

5. Hitimisho

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu mito ya msitu huohuo wa Mau ulionyesha kwamba tope nyingi hutoka katika ardhi inayolimwa, na hasa katika bonde la wakulima wadogo. Matokeo hayo yasomwe pamoja na yale ya Sambret. Mashamba makubwa yalipewa mitaro, fedha na wataalamu tangu siku ya kwanza; mkulima mdogo alipewa miche.

Aidha, taarifa karibu zote zilizotajwa hapa ziliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili, ambacho ndicho kinachowaunganisha wachumaji wa makabila mbalimbali katika mashamba hayo, hakikuwa lugha ya kuwarudishia matokeo. Walioishi kando ya kijito kilichopimwa walistahili kuambiwa kipimo kilisema nini.

Jambo kubwa ambalo historia hii inafundisha ni subira. Vipimo vya mwaka 1962 pekee vingewafanya watu wakose imani na chai bila sababu. Makadirio yaliyotumika mwaka 2002 yaliwafanya wengine wasione joto lililokuwa likipanda. Mara zote mbili kosa lilisahihishwa kwa kazi ya watu ambao majina yao hayamo katika makala yoyote: waliokwenda kila asubuhi, mvua au jua, kusoma kipimo na kukiandika.