Jina Lililodumu Kuliko Baa

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko nchi jirani ya Kongo. Zama za ukoloni wa Wabelgiji, mji wake mkuu, Kinshasa ya leo, uliitwa Léopoldville. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kukaa katika mitaa ya Wazungu. Alikutana na wenzake katika baa za mitaa yake.

Mojawapo ilikuwa O.K. Bar ya Oscar Kashama. Hapo, mwaka 1956, Franco Luambo na wenzake walianzisha bendi, wakaiita OK Jazz.

Usidhani baa za mji huo zilikuwa za ulevi na dansi tu. Patrice Lumumba, kabla ya kuwa waziri mkuu, aliajiriwa na kiwanda cha bia ya Polar. Kazi ya kuitangaza bia hiyo ilimkutanisha na watu wengi. Oktoba 1958 akashiriki kuunda chama cha MNC. Juni 1960 nchi ikawa huru.

Baadaye uchumi uliporomoka. Franco alifariki mwaka 1989. Septemba 1991 askari waliodai mishahara waliasi, na uporaji ukaenea mjini. Starehe za usiku zikafifia, na bendi yenyewe ikasambaratika. Kilichobaki ni jina, katika santuri na vinywani mwa wazee.

Jiulize basi: mtaani kwako, watu hukutana wapi kuzungumza mambo yao? Mahali hapo pakifungwa, hupotea zaidi ya viti na meza.