Vifaa vilivyozimwa bado hula umeme: namna ya kuuokoa kwa swichi moja

Runinga iliyozimwa kwa rimoti huwa haijazimika kabisa. Taa ndogo inayobaki ikiwaka chini ya kioo huashiria kwamba sehemu fulani ya kifaa inaendelea kutumia umeme, ikingoja amri ya kuwashwa tena. Hii ndiyo hali ya kusubiri. Umeme unaotumika katika hali hiyo hulipiwa sawa na mwingine wowote, ingawa mwenye nyumba hapati picha wala sauti.

Kwa saa moja kiasi hicho ni kidogo, lakini saa ni nyingi. Kifaa kinachotumia wati 1 mfululizo kwa mwaka mzima humaliza takribani uniti 8.8. Kinachotumia wati 10 humaliza karibu uniti 88 kwa mwaka, yaani zaidi ya 7 kwa mwezi.

Tuchukue mfano wa sebule yenye runinga, king'amuzi na redio yenye spika kubwa, ambavyo kwa jumla vinatumia wati 15 vikiwa katika hali ya kusubiri. Vikikaa hivyo saa 18 kwa siku, hula uniti 8.1 kila mwezi. Nchini Uganda, uniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa bei nafuu kwa watumiaji wa majumbani. Sebule hiyo humeza zaidi ya nusu yake bila manufaa. Nchini Kenya, bei ya chini kabisa ni ya nyumba zisizozidi uniti 30 kwa mwezi, na Tanzania ina kundi la wasiozidi 75. Kwa familia iliyo karibu na mpaka huo, uniti 8 zaweza kuihamishia kwenye bei ya juu.

Vifaa gani vinahusika?

Umri wa kifaa una uzito mkubwa. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kwamba matumizi ya hali ya kusubiri yasizidi wati 1 kwa kila kifaa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo hicho kisheria kwa vifaa vingi vipya vya nyumbani kuanzia mwaka 2010, kisha ukakipunguza hadi nusu wati mwaka 2013. Vifaa vya zamani zaidi, vikiwamo vinavyouzwa kama mitumba, havikutengenezwa kwa masharti hayo.

Wa kushukiwa kwanza ni ving'amuzi, redio zenye spika kubwa, kompyuta za mezani na printa. Chaja ya simu ya kisasa iliyoachwa kwenye soketi bila simu hutumia sehemu ndogo tu ya wati moja. Kuichomoa si vibaya, lakini akiba haiko hapo.

Mita yenyewe yaweza kutoa ushahidi. Mita nyingi za kielektroniki zina taa inayomweka kulingana na matumizi. Palipoandikwa 1000 imp/kWh, kila mmweko ni sawa na wati-saa 1. Zima kila kitu, friji ikiwamo, ubakize vile unavyovishuku katika hali ya kusubiri, kisha hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, utapata wati. Dakika nne, kwa mfano, ni wati 15. Usisahau kuiwasha friji tena.

Ekstensheni ya kuokoa umeme

Kuna ekstensheni zenye soketi kuu moja na soketi tegemezi kadhaa. Runinga huchomekwa kwenye soketi kuu. Inapozimwa, ekstensheni hutambua kwamba umeme unaopita hapo umepungua, nayo hukata umeme wa soketi tegemezi zenye king'amuzi na spika. Aina nyingine hukata kwa saa iliyopangwa. Zote mbili hutumia umeme kidogo kujiendesha, na bei yake huwa juu.

Ekstensheni ya kawaida yenye swichi hufanya kazi hiyo hiyo kwa mkono. Vifaa vya sebuleni vikusanywe hapo, na swichi ibonyezwe kabla ya kulala na kabla ya kuondoka nyumbani.

Tahadhari

Friji na vifaa vya tiba visiwekwe kwenye ekstensheni inayozimwa. King'amuzi huchukua muda kuwaka upya, na hakiwezi kurekodi kipindi kikiwa kimekatiwa umeme. Printa ya wino izimwe kwanza kwa kitufe chake ili ifunike vichwa vya wino.

Ekstensheni ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 240 haipaswi kubeba zaidi ya wati 3,120 kwa jumla. Pasi, birika na jiko la umeme vichomekwe moja kwa moja ukutani. Ekstensheni moja isichomekwe kwenye nyingine, kwa kuwa nyaya zaweza kupata moto.

Mwisho, kuokoa umeme na kukinga vifaa ni mambo mawili tofauti. Umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika, ekstensheni isiyo na kinga maalumu haitaizuia runinga kuungua ikiwa swichi imeachwa wazi. Umeme ukikatika, swichi hiyo izimwe, iwashwe tena pale tu umeme unapokuwa umetulia.