Picha za Ukambani za Mwaka 1937

Atokaye mjini Machakos kwa njia ya kusini iendayo Wote, akavipita vilima vya Kalama mpaka kulifikia soko la Kola, hupita baina ya miteremko iliyokatwa matuta kutoka bondeni hadi karibu na vilele, tuta juu ya tuta, kila moja na ukingo wake wa majani, na nyuma ya ukingo mahindi, mbaazi, kunde, au mwembe uliopandwa na mtu ambaye jina lake bado lakumbukwa. Na kama ni mgeni hatadhani hata kidogo kwamba nchi hii iliwahi kuandikwa katika makaratasi ya serikali kuwa ni nchi inayokufa, wala kwamba hukumu hiyo ilitiwa nguvu kwa picha, ambazo baadaye zilifungwa katika majalada, zikakaa zaidi ya miaka hamsini, kisha zikafunuliwa na kutoa ushahidi ambao waliozipiga hawakuutarajia.

Mwaka 1937 Idara ya Kilimo ya serikali ya kikoloni ilikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya mmomonyoko wa udongo Ukambani. Ofisa wake wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika taarifa ndefu juu ya eneo la Machakos, na humo akadai kuwa Wakamba na mifugo yao wameongezeka bila kiasi kwa sababu amani ya Mwingereza imeondoa vita na kupunguza maradhi yaliyokuwa yakiwazuia zamani, na kwamba watu hao wanateremkia kwenye ufukara usio na matumaini, na ardhi yao inageuka jangwa la mawe na mchanga. Mwaka huohuo R. O. Barnes naye aliwasilisha taarifa yake juu ya mmomonyoko huo, pamoja na picha. Maneno ya Maher yalikuwa makali, lakini maneno hubishiwa. Picha haibishiwi kwa urahisi, na hasa na mtu aketiye Nairobi au London ambaye hajapata kukanyaga Kalama wala Iveti.

Nataka kuzitendea haki picha hizo, kwa sababu hazikusema uongo. Zaonyesha miteremko mitupu iliyotoka myeupe katika karatasi, imechanwa na makorongo. Zaonyesha vilima ambavyo miti yake yaweza kuhesabika, na malisho yaliyokwisha hata mizizi ya majani imebaki juu ya udongo. Wazee wa Ukambani waliipita miaka hiyo na hawakukana kuwa ilikuwa mibaya. Nchi ilikuwa imepigwa na ukame wa 1928 na 1929, kisha nzige, kisha ukame tena kuanzia 1933 hadi 1935, na ng'ombe aliyenusurika humo yote hakuwa na umbo la kupendeza mbele ya kamera. Basi mahali pa kuuliza si ndani ya picha bali nje ya pembe zake: mpiga picha alisimama wapi, kwa amri ya nani, baada ya misimu gani, na nyuma ya mgongo wake kulikuwa na nini.

Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na mpaka. Kabla ya utawala wa Kiingereza Mkamba hakufuga mifugo yake yote penye nyumba yake. Alikuwa na malisho ya karibu yaliyokuwa ya jamaa yake, na zaidi ya hayo kulikuwa na nyika ya wote iitwayo weu, ambako vijana walijenga syengo, mazizi ya mbali, na kukaa huko na mifugo kwa miezi mpaka malisho ya nyumbani yapumue. Serikali ilipochora mipaka mwanzoni mwa karne ya ishirini, vilima vya Mua vilipewa masetla, nyanda za kuelekea Athi na Konza zikawa mashamba makubwa ya mifugo ya Wazungu, na uwanda wa Yatta ukahesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme, ambao Mkamba hakuwa na haki ya kuutumia ila kwa ruhusa. Watu waliobaki ndani ya mstari waliongezeka, na ng'ombe nao, nayo ardhi haikuongezeka. Ofisa aliyegeuza kamera yake upande wa ndani ya mpaka alipata korongo. Laiti angaligeuka nyuma, angalipata majani marefu ambayo hayakuwa na mfugaji wa Kikamba hata mmoja. Ndiyo sababu nasema picha ile ilikuwa kweli, na matumizi yake yakawa dhuluma.

Dhana kwamba Mkamba ana mifugo kupita kiasi ilikuwa imekwisha kutamkwa na tume ya kilimo ya 1929, iliyoongozwa na Sir Daniel Hall, na miaka ya thelathini dhana hiyo ilipata nguvu mpya, kwa maana huko Marekani upepo ulikuwa ukipeperusha udongo wa mashamba na kuufanya mawingu ya vumbi, na habari za vumbi hilo ziliwatia hofu maofisa wa makoloni yote ya Afrika Mashariki. Hofu ikakutana na biashara. Kampuni ya Liebig, watengenezaji wa nyama ya makopo, walikubaliana na serikali kujenga kiwanda Athi River, na kiwanda kinataka ng'ombe wengi kwa bei ndogo. Mwanzoni mwa 1938 upunguzaji wa mifugo ukafanywa wa lazima: kila eneo likapangiwa idadi, ng'ombe walioruhusiwa kubaki wakapigwa chapa, na wasioruhusiwa wakapelekwa mnadani, ambako mwenye ng'ombe hakuwa na neno juu ya bei. Kwa jamaa aliyeposa kwa ng'ombe, aliyelipa dia kwa ng'ombe, na ambaye mwaka wa njaa hakuwa na benki nyingine ila zizi, jambo hilo halikuwa kupunguziwa mali tu. Lilikuwa kuvunjiwa nyumba.

Waliosimama kwanza walikuwa watu wa vilima vya Iveti, na sauti yao ilikuwa Samuel Muindi Mbingu wa Ngelani. Chama cha Ukamba Members Association kikaandika malalamiko mpaka London, na suala likaulizwa katika Bunge la Uingereza. Mwishoni mwa Julai 1938 watu zaidi ya 1,500, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 60, wakapiga kambi Kariokor na kuomba jambo moja tu, kwamba Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, awasikilize. Walikaa huko wiki kadhaa, kwa utulivu ambao polisi walishindwa kuuita fujo. Gavana hakuwapokea mjini. Alikuja Machakos mwezi wa Agosti kufanya baraza, na muda si mrefu baadaye Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, akakae kisiwani mbali na watu wake, na hakurudishwa mpaka 1946. Lakini kabla ya 1938 kwisha serikali ilikuwa imeacha upunguzaji wa lazima.

Wako wasemao kuwa serikali ililegea kwa huruma. Mimi naona iliangalia ramani ya dunia. Wakamba walikuwa wengi mno katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi, na mwaka ule wa 1938 Ujerumani ya Hitler ilikuwa ikidai kwa sauti kubwa kurudishiwa makoloni yake ya zamani, na la karibu kabisa na Machakos lilikuwa Tanganyika. Serikali gani yenye akili itawanyang'anya ng'ombe baba wa askari wake katika mwaka kama huo?

Wala si Uingereza peke yake iliyotumia ushahidi hivyo: huko Ujerumani kwenyewe elimu ya mambo ya kale ilikuwa imekwisha kupewa kazi ya siasa. Penye ziwa Bodensee, Unteruhldingen, palikuwa na jumba la makumbusho lililofunguliwa 1922, lenye nyumba za kale zilizojengwa upya juu ya nguzo ndani ya maji. Hans Reinerth, mwanaakiolojia aliyeongoza umoja wa elimukale wa Wanazi chini ya Alfred Rosenberg, alilitumia jumba hilo kuwafundisha watazamaji kwamba ustaarabu ulizaliwa na mababu wa Mjerumani. Nasi wa Afrika Mashariki hatukuwa mbali na elimu hiyo. Ludwig Kohl-Larsen, daktari na msafiri, naye mfuasi wa chama cha Nazi, alifika Tanganyika mwaka 1934, na mwaka 1935 akapata vipande vya fuvu la binadamu wa kale pembezoni mwa ziwa Eyasi. Akarudi tena mwaka 1937, mwaka uleule wa picha za Ukambani, akachimba hadi 1939, na aliyoyapata yakasafirishwa Ujerumani. Mafuvu yale ni ya kweli, na wataalamu wanayashughulikia mpaka leo, kama makorongo ya Kalama yalivyokuwa ya kweli. Simfananishi Maher na Reinerth kwa dhamira. Dola moja iliua mamilioni kwa nadharia ya damu, na nyingine ilinyang'anya ng'ombe kwa nadharia ya udongo, na tofauti hiyo haifutiki. Nawafananisha kwa jambo moja pekee: kote kuwili dola ilijua jibu kabla ya kutuma mtu atafute ushahidi.

Taarifa ya Barnes ilibaki katika majalada ya Mkuu wa Wilaya ya Machakos, ambayo baada ya uhuru yaliingia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Huko ndiko ilikokutwa, takriban mwaka 1990, na watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliokuwa wakichunguza mabadiliko ya ardhi ya Machakos. Walifanya jambo rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Walizibeba picha hadi vilimani, wakatafuta mahali mpiga picha wa 1937 alipokuwa amesimama. Miti hufa, njia huhamishwa, nyumba huanguka. Kisichohama ni mstari wa vilele dhidi ya mbingu. Basi mtu hushika picha ya zamani mkononi, akasogea kushoto na kulia, akapanda na kushuka, mpaka kilele cha mbele kikate kilele cha nyuma mahali palepale kilipokata katika karatasi, ndipo ajue kuwa miguu yake imo katika nyayo za yule wa kwanza. Kisha hupiga picha yake.

Picha za pili, za mwaka 1991, zilionyesha miti palipokuwa patupu, matuta palipokuwa na makorongo, nyumba na boma palipokuwa na malisho yaliyokufa. Na hayo yalitokea ilhali watu wa wilaya, iliyokuwa bado pamoja na Makueni, walikuwa wamezidi kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1989. Kitabu cha watafiti hao kilitoka 1994. Sababu ya kwanza ambayo Maher aliitaja ya kufa kwa ardhi, yaani wingi wa watu, ndiyo iliyoleta mikono ya kuiponya.

Mikono hiyo ilifanya kazi gani, mtu wa Kola hana haja ya kuambiwa. Katika miaka ya hamsini serikali ililazimisha matuta, na mengi ya lazima yalibomoka. Yaliyodumu ni yale yaliyochimbwa na mwethya, vikundi vya kazi vya jirani kwa jirani, ambavyo wengi wa watu wake walikuwa, na bado ni, wanawake. Tuta liitwalo fanya juu huanza kwa mfereji uliopimwa sawasawa kukata mteremko; udongo wake hautupwi chini, ambako mvua ingeuchukua, bali hurushwa juu kwa sepetu, mzigo baada ya mzigo, na tuta hilo likapandwa majani ya kulisha ng'ombe. Mvua inapoteremka hukutana na tuta, ikaacha udongo wake hapo, na baada ya miaka shamba lililokuwa mteremko huwa ngazi. Kwa ngazi hizo mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Mkamba huzitegemea kuliko za masika, hupata mahali pa kukaa.

Hata picha ya pili nayo ina pembe zake. Mtafiti John Murton, aliyechunguza Mbooni, alichapisha mwaka 1999 kwamba fedha nyingi zilizojenga matuta zilitoka katika mishahara ya mijini, na kwamba asiye na mtoto wala mume mwenye kazi Nairobi alizidi kubaki nyuma. Mteremko wa kijani hauonyeshi ni nani aliyeuza kipande chake.

Reinerth alifariki mwaka 1990, na tangu hapo jumba lile la Unteruhldingen limechapisha waziwazi habari za siasa zilizolitawala. Picha za Ukambani zastahili ujasiri uo huo, na si Nairobi peke yake. Ziletwe Machakos, zitundikwe penye watu wa Kalama na Iveti, kila ya 1937 kando ya ya 1991. Na chini yake yawekwe, kwa maandishi ya kusomeka, ramani ya mipaka ya ardhi ya Mfalme, bei za mnada wa 1938, malalamiko yaliyopelekwa London, na amri iliyompeleka Muindi Mbingu Lamu. Wazee waliozaliwa kabla ya matuta wamebaki wachache, na baadhi yao wangeweza kutuambia mashamba yale yalikuwa ya nani.