Mji wa Kisumu na Maji Yake Machafu

Ukisimama katika soko la Kibuye siku ya Jumapili, utaona watu wengi mno wakiuza na kununua nguo, nafaka na samaki. Kila mmoja wao hutumia maji, na kila atumiaye maji huyaacha yakiwa machafu. Je, msomaji, umepata kujiuliza maji hayo huenda wapi?

Mji wa Kisumu ulizaliwa na reli. Njia iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mwezi wa Desemba mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence. Mji ulikuwa mdogo na ziwa lilikuwa kubwa. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba maji mengi kama yale hayawezi kuchafuka.

Walakini Kisumu haielekei ziwa lote. Huelekea Ghuba ya Winam, ambayo ni kama chumba chenye mlango mwembamba. Kina chake si kirefu, na maji yake huchanganyika polepole na yale ya ziwa kuu. Hapo ndipo Kisumu inapotofautiana na London. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wakashindwa kuvumilia, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya kupeleka uchafu mashariki ya mji, ili maji yapwapo yauchukue kuelekea baharini. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Uchafu utiwao ghubani hukawia ghubani.

Kwa hiyo haikutosha kuyahamisha maji machafu, ilibidi yasafishwe. Mji ulijengewa vituo viwili vya kazi hiyo. Katika kituo cha Kisat maji huachwa yatulie ili taka nzito zizame, kisha hunyunyizwa juu ya matabaka ya mawe. Juu ya mawe hayo huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huula uchafu. Baadaye maji huingia mto Kisat na kumwagika ghubani. Huko Nyalenda yalichimbwa mabwawa mapana, ambamo maji hukaa siku nyingi yakisafishwa na vijidudu, jua na upepo.

Kazi hiyo yataka uangalizi wa kila siku. Mji ulikua, lakini mabomba hayakukua pamoja nao. Watu wengi wa Manyatta, Nyalenda na Obunga walibaki na vyoo vya shimo. Mitambo ya Kisat nayo ilichakaa, hata kwa miaka mingi, kabla ya kutengenezwa tena, maji yalipita mtoni bila kusafishwa vya kutosha.

Yafaa ujue kwamba uchafu huo ni mbolea. Naitrojeni na fosforasi zilizomo hustawisha mwani na magugu maji. Mwani ukifa huoza, na kuoza huko hula oksijeni ambayo samaki huihitaji. Magugu maji yalienea katika ghuba miaka ya 1990, na kufikia mwaka 1998 yalikuwa yamefunika eneo kubwa, mashua zikakwama na wavuvi wakakosa riziki. Si haki kuulaumu mji peke yake, kwa kuwa mito ya Nyando na Sondu huleta udongo na mbolea za mashamba. Lakini fungu la mji ni la mji, wala hapana mwingine wa kulibeba.

Sasa tazama Dunga, kusini ya mji. Huko huvutwa sehemu ya maji ya kunywa ya Kisumu, kutoka ghuba ile ile ipokeayo maji machafu. Kadiri ghuba inavyochafuka, ndivyo kuyasafisha maji hayo kunavyozidi kuwa kazi ngumu na ya gharama. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mabomba yaliyofukiwa chini ya ardhi hayaonekani, na kisichoonekana husahauliwa upesi. Lakini ziwa halisahau. Hurudisha kwa mji kile ambacho mji umelipa.