Haki ya Kuomba, Haki ya Kuchagua: Mkutano wa Mtaa na Vipaumbele vya Mji

Mikutano ya mitaa ya Dar es Salaam hulaumiwa kwa kukosa watu. Watendaji hulalamika kwamba wakazi hawajitokezi, na kwamba waliojitokeza huzungumzia mambo yao binafsi. Watafiti nao huhesabu vichwa, hulinganisha na idadi ya wakazi, kisha huhitimisha kwamba ushiriki ni hafifu. Makala haya yanashika njia nyingine. Mahudhurio ni dalili tu ya ugonjwa. Mkazi wa Vingunguti au Manzese anayekwepa mkutano amepiga hesabu yake sawasawa: anajua kwamba pale ataruhusiwa kutaja shida, lakini kuamua ipi itangulie na ipi isubiri si kazi yake. Mkutano umepewa haki ya kuomba. Haki ya kuchagua imebaki juu.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi hudhani kijiji na mtaa ni kitu kimoja chenye majina mawili. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa hadhi ya mtu kisheria. Inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza mamlaka ya kusimamia ardhi, chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mtaa, ambao msingi wake ni Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo wa 1982, haukupewa hayo. Una mwenyekiti aliyechaguliwa, una wajumbe, una mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri, una muhuri wa kugonga barua za utambulisho. Fungu lake lenyewe la kutumia hauna, na hauwezi kutunga sheria ndogo. Hiki ni kinaya kikubwa: wanakijiji wanaweza kukaa chini ya mwembe wakaamua mifugo ipite wapi, ilhali wakazi wa jiji lenye watu takribani milioni 5.4 kwa sensa ya 2022 hawawezi kuamua maji ya mvua yapite wapi nyuma ya vyumba vyao.

Kinaya hicho kina historia. Mfumo wa nyumba kumi kumi, ambao TANU, chama tawala cha wakati huo, iliueneza katikati ya miaka ya 1960, ulikuwa mkondo wa kupeleka maagizo chini na habari juu. Mwaka 1972 serikali za mitaa zenyewe zilivunjwa kwa jina la madaraka mikoani. Huduma za miji zilipozorota mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978, na sheria za 1982 zikakamilisha kazi. Lakini kilichorudishwa ni halmashauri. Chini yake palibaki na mazoea yaleyale ya kupokea na kuripoti.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja utaratibu wa kupanga kuanzia chini ulioitwa Fursa na Vikwazo katika Maendeleo, ambao watendaji huutaja kwa kifupi O&OD. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Wawezeshaji hufika mtaani. Wanawake, vijana na wazee huchora ramani ya rasilimali, hukumbuka matukio ya nyuma, hutaja fursa na vikwazo. Mpango unaotokana na hayo hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha hufika halmashauri. Kasoro iko katika mpangilio wa hatua. Orodha hutungwa kwanza, na ukomo wa bajeti unaotoka hazina hukutana na orodha hiyo mezani kwa maofisa mipango, wakazi wakiwa wamesharudi makwao. Mtu asiyejua ana shilingi ngapi hawezi kuweka vipaumbele, hata angejaliwa hekima ya Lukmani. Anachoweza ni kuandika matamanio: zahanati, barabara, maji, kituo cha polisi, shule. Orodha ndefu ikigongana na fungu dogo lazima ikatwe, na anayekata ndiye anayechagua.

Husemwa kwamba watu wa kawaida hawajui kupanga, kila mtu anavutia kwake. Anayesema hivyo hajakaa kwenye kikao cha harusi Dar es Salaam. Majirani walewale wanaodhaniwa hawawezi kukubaliana juu ya mtaro hukutana jioni baada ya jioni, wanasoma ahadi na michango iliyokwisha kuingia, wanapunguza idadi ya waalikwa, wanafuta ukumbi wa gharama, wanagombana juu ya vinywaji, na siku ikifika shughuli inafanyika. Wanaweza kwa sababu jumla iko wazi mbele yao na kila kinachoongezwa kina kinachoondolewa. Mkutano wa mtaa haujawahi kuwekewa jumla ya namna hiyo mezani.

Na fedha za mtaa zipo, ila hupita juu ya kichwa cha mkutano. Chukua kodi ya majengo, ambayo katika miji mingi duniani ndiyo uti wa mgongo wa huduma za jirani. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Agosti 2021 ukaunganishwa na manunuzi ya umeme kwa LUKU, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa ukusanyaji ni ubunifu wa kupigiwa mfano. Kwa siasa ya mtaa ni balaa, maana anayenunua umeme katika nyumba za vyumba vya kupanga ni mpangaji. Serikali ilieleza kwamba mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane wenyewe namna ya kufidiana. Kila aliyewahi kupanga chumba anajua makubaliano hayo huishia wapi. Basi mpangaji amekuwa mlipakodi wa jengo asilolimiliki, kwenye mtaa ambao mkutano wake humwona kama mpita njia. Akisimama kudai taa, huulizwa ana muda gani pale. Sheria haimbagui, kwa sababu inatazama ukazi na umri wa miaka 18. Mazoea ndiyo yanayombagua, na idadi ya wapangaji katika mitaa ya katikati ya jiji ni kubwa kiasi kwamba kuwaacha nje ni kuacha nje sehemu kubwa ya mtaa.

Yapo mambo yaliyowahi kwenda kwa namna nyingine. Hananasif, Kinondoni, ni makazi yaliyoteremka kuelekea bonde la Msimbazi bila mitaro, na kila masika maji yaliingia majumbani. Kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, UNDP na Ford Foundation, wakazi walijiunda chini ya chama chao na kujenga mitaro na njia kwa nguvu kazi yao wenyewe, wakilipwa ujira, wanawake wakiwa sehemu kubwa ya wafanyakazi. Mradi huo umeandikwa sana kama kielelezo cha ushirikishwaji, na sifa hiyo inafunika kilicho muhimu zaidi. Mtaro haupiti hewani. Unapita uani kwa mtu, unakula banda la kuku la mwingine, unalazimisha choo cha mtu wa tatu kihame. Kuuchagua mtaro kabla ya barabara kulimaanisha kumtazama jirani usoni na kumwambia ukuta wake utasogea. Wakazi walifanya uamuzi wenye maumivu ambao afisa wa halmashauri asingeweza kuufanya kwa ramani tu, na waliweza kuufanya kwa sababu fedha, ujira na ratiba vilikuwa mikononi mwao. Mpango wa kuboresha miundombinu ya makazi yasiyopimwa uliofuata kuanzia 2005, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulichukua sehemu ya somo hilo: wakazi walipanga wao wenyewe nini kitangulie kati ya barabara, mitaro, taa, vyoo vya umma na vioski vya maji. Mpango ulipoisha, mamlaka hayo yaliondoka nao. Hayakuwahi kuwa ya mtaa. Yalikuwa ya mradi.

Hata hivyo nisije nikaeleweka kwamba kila kitu kiachiwe majirani. Bonde la Msimbazi linakataza. Mto huo unatokea vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Tabata, unashuka Kigogo na Jangwani hadi Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salender. Mtaa wa juu ukichagua mtaro mzuri wa kuondoa maji yake haraka, umemchagulia jirani wa chini mafuriko. Kuna pia jambo la kutapisha vyoo: mvua kubwa ikinyesha, wenye vyoo vilivyojaa huvitoboa ili kinyesi kiende na maji. Kwa nyumba moja, au hata kwa mtaa mmoja, ni suluhisho la bei poa. Mto wote hulipa. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kufanya wengine wahamishiwe makazi mapya Mabwepande, na kipindupindu cha Agosti 2015 kilichoanzia Kinondoni, vilionyesha mipaka ya ujirani unaoishia kwenye mpaka wa mtaa. Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 na kuwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi kuchora mitaro na njia zinazofurika, imetoa ramani ambazo zingefaa kuwekwa mbele ya mkutano wa bonde zima. Bonde halina mkutano.

Nairobi imekwenda mbali zaidi, na imejikwaa mahali pengine. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, yaani Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Muungano wa Wanavijiji, mtandao wa wakazi wa mitaa ya mabanda, ulizipanga kaya takribani 100,000 kuanzia vikundi vya kaya kumi kumi, na zaidi ya mashirika 40 yakagawana kazi katika makundi ya kitaalamu: maji, afya, ardhi, fedha na mengineyo. Kilichonivutia ni jinsi majadiliano yalivyoanzia kwenye gharama. Watafiti walikuwa wameonyesha kwamba wakazi wa Mukuru hulipia maji na umeme bei kubwa kuliko mitaa yenye bomba na mita halali. Mkazi anayejua kwamba tayari analipa hazungumzi kama mwombaji. Suala la upana wa barabara likawa la kweli: viwango rasmi vingebomoa nyumba nyingi mno, basi wakapendekeza barabara nyembamba. Huku ni kuchagua kwa maana kamili ya neno. Baada ya Machi 2020, chini ya Nairobi Metropolitan Services, chombo kilichokabidhiwa huduma za kaunti, lami, maji na mabomba ya majitaka vilianza kuonekana.

Kisha, Novemba 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Vipaumbele vilivyopangwa kwa miaka havikuzuia bomoabomoa ya siku chache, kwa kuwa ardhi ilikuwa bado na wadai wengine na barabara kuu ilikuwa na mpanga mipango mwingine. Wapo wanaosoma tukio hilo kama ushahidi kwamba ushirikishwaji ni maigizo. Mimi nalisoma kinyume. Wakazi walikuwa na jambo la kuvunjiwa, mpango wenye namba na saini, na waliweza kudai kwa jina lake. Mtaa wenye orodha ya matamanio tu hauna cha kuvunjiwa.

Mtaa, basi, upewe fungu lake lenyewe. Pingamizi zito zaidi dhidi ya pendekezo hilo ni kwamba wenyeviti watakula fedha hizo. Wengine watazila. Lakini ulinzi dhidi ya ulaji ni ushindani na taarifa, na vyote viwili vimenyauka. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, baada ya vyama vikuu vya upinzani kujitoa, chama tawala kilipata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Pasipo mpinzani, kipengele kilichokatwa hakina mtu wa kukibeba hadi kampeni inayofuata, na hakuna anayeuliza kwenye mkutano kwa nini taa zilikwenda mtaa wa pili. Ndiyo maana napendekeza jambo la pili kando ya fungu: halmashauri ilazimishwe kisheria kurudi mtaani na kusema kwa maandishi kilichokatwa na sababu yake, kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai mosi. Jibu la hapana lenye sababu hufundisha mtaa kupanga vizuri zaidi mwaka unaofuata kuliko ndiyo isiyo na tarehe.

Kiasi cha fungu hakihitaji kuwa kikubwa. Sehemu ya kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU za mtaa husika, ikitangazwa kabla ya mkutano, ingetosha kwa taa, vifuniko vya mitaro na makontena ya taka. Mitaro mikubwa ibaki kwa baraza la bonde litakaloketi na wajumbe wa mitaa ya juu na ya chini pamoja. Tunao mfano wa kutenga fungu kwa sheria: tangu 2018 halmashauri zinalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hilo lilichaguliwa bungeni, na ni sawa, lakini limethibitisha kwamba asilimia inaweza kufungwa isiguswe. Marekebisho ya Sheria Na. 8 hayangekuwa marefu. Upinzani utatoka kwa madiwani kabla ya kutoka hazina, kwa sababu diwani ambaye leo hupanda jukwaani na kuzikabidhi taa za barabarani kana kwamba ni zawadi yake, siku hiyo atakuta mkutano umeshazichagua na kuzilipia.