Mgeni mwenye sukari mbele ya sinia la halua

Asubuhi ya Idi katika mji wowote wa pwani yetu, mwenye kisukari hupita nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ina sinia lake. Kuna kaimati zilizorowa shira, visheti, vileja, tambi za sukari, mkate wa kumimina, na halua ambayo samli bado inang'aa juu yake. Mwenye nyumba anatoa heshima, na wote wawili wanajua kwamba sahani ikirudi jikoni kama ilivyokuja, yatazuka maneno.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Nimeshiba, bibi. Ahsante."

"Umeshiba kwa nani? Kwangu hujala. Onja kidogo tu, hakitakudhuru."

Hapo mgeni ana mawili: ale, au atangaze ugonjwa wake mbele ya watu waliojaa ukumbini. Wengi hula. Wanaotangaza nao huanza kufundishwa dawa za mdalasini na mlonge, kisha huhadithiwa habari za jirani aliyekatwa mguu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu si lazima liwe hivyo. Wako watu wengine wakarimu kama sisi, na mila zao zimempa mgeni namna ya kukomea bila kujieleza.

Mfano wa kwanza ni Oman, maana halua yetu na kahawa yetu chungu zina udugu na za huko. Kahawa ya Kiarabu iliingizwa na UNESCO mwaka 2015 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa niaba ya Oman, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Qatar. Humiminwa kidogo kidogo katika kikombe kisicho na mkono, ina harufu ya iliki na haina sukari. Mmiminaji huendelea kumjazia mgeni mpaka mgeni mwenyewe akitikise kikombe huku na huku kwa vidole. Akishakitikisa, basi, na hakuna anayemuuliza sababu. Halua nayo huletwa katika chombo cha pamoja, kila mmoja akachota kwa mkono wa kulia. Mwenye kisukari anaweza kuchota kipande cha ukubwa wa ukucha, akakisifu kwa haki, akarudi kwenye kahawa yake.

Iran iko upande wa pili kabisa. Adabu ya huko iitwayo taarof humtaka mgeni akatae kwanza na mwenyeji ashikilie, na kukubali huja baada ya kubembelezwa mara mbili tatu. Kwa hiyo "hapana" ya kwanza ya mgonjwa haihesabiwi kuwa hapana. Anayekataa vitamu kama gaz ya Isfahan au sohan ya Qom kwa dhati ya moyo wake huonekana anaona haya tu, na kadiri anavyokataa ndivyo anavyozidi kusukumiwa. Nikiisikiliza tena ile "umeshiba kwa nani?" ya bibi, naona kwamba katika vitamu tumekaa karibu na Iran kuliko na Oman, ingawa kikombe tulikirithi.

Wahindu wanakabiliwa na mtihani mgumu zaidi. Prasad, chakula kilichokwisha kutolewa mbele ya mungu hekaluni, iwe India au Dar es Salaam, hakikataliwi, kwa kuwa anayekikataa anaonekana kukataa baraka. Lakini baraka haina kipimo. Chembe ya ladu iliyomeguka inatosha kutiwa mdomoni, na iliyobaki hupelekewa watu wa nyumbani, nao wapate fungu lao. Kwa namna hiyo chakula kisichoweza kukataliwa ndicho kilicho rahisi kukionja kidogo. Na India iliujua ugonjwa huu mapema: matabibu wake wa kale waliandika kwamba sisimizi huufuata mkojo wa wagonjwa hawa.

Katika hafla ya chai ya Kijapani, kitamu hutangulia, kisha huja chai ya matcha isiyotiwa sukari. Mgeni huja na karatasi zake laini, kaishi, amezichomeka kifuani ndani ya kimono. Kitamu huwekwa juu ya karatasi, na asichokimaliza hukifunga humo na kukitia katika mkono wa vazi lake. Kukibeba ni sehemu ya adabu yenyewe.

Karatasi hiyo na sisi tunayo. Ni nani wa pwani asiyewahi kuondoka na kifurushi cha halua baada ya maulidi au ndoa? "Nifungie, bibi, nikale na watoto" ni maneno ambayo hayajawahi kumkasirisha mwenye nyumba yeyote ninayemjua. Humfurahisha, kwa sababu chakula chake kimevuka kizingiti kikaenda kulisha nyumba nyingine. Mwenye kisukari na aseme hivyo mapema, kabla ya sahani kujazwa, na aseme kweli: watoto wale, au jirani ale.

Kuna kitu kingine tulichokuwa nacho, nacho tunakiacha. Watu wanne watano wakizunguka sinia moja, mikono hukutana katikati, mazungumzo yanaendelea, na hapana anayejua nani kala visheti vitatu na nani kamega kimoja. Sasa kwenye harusi nyingi kila mtu ana sahani yake au kiboksi chake, kimejazwa na mtu mwingine kwa kipimo asichokichagua. Kilichobaki kinaonekana wazi, na mwenye sukari anajulikana kwa sahani yake. Naamini sinia lilikuwa linamsitiri mgonjwa, na ningependa lirudi.

Mwenyeji naye ana sehemu yake. Asiseme "hii haina sukari nyingi," kwa sababu tende na asali pia hupandisha sukari, na muhogo wa nazi na mahamri vivyo hivyo. Aweke sinia lenye kahawa chungu, korosho na karanga pamoja na vitamu, kisha anyamaze. Sinia hilo litamfaa hata asiyeumwa: Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na bora chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Vikombe viwili vya chai ya kwetu humaliza hesabu hiyo.

Na akimwona mgeni huyo huyo akiomba soda kwa haraka, asimwambie, "Kumbe sukari yako ya kuchagua!" Anayetumia insulini sukari yake huweza kushuka ghafla. Akatetemeka, akatokwa na jasho, maneno yakaanza kumpotea. Ikifika chini ya 3.9 kwenye kipimo, yaani 70 kwa mashine zinazosoma miligramu, anahitaji kama gramu 15 za sukari ya haraka, mfano nusu kikombe cha juisi, kisha apime tena baada ya dakika 15. Akiwa amefunga Ramadhani, anafungua hapo hapo. Mtu aliyewahi kusimangwa kwa soda hiyo atajificha siku nyingine, na kujificha sukari ikiwa imeshuka ni hatari ya maisha.

Zaidi nawafikiria watoto wanaochoma sindano. Hao huzunguka siku ya Idi na wenzao kuomba mkono wa Idi, na hawana lugha ya kumkatalia mtu mzima anayewajazia pipi kiganjani. Mkono wa Idi tangu zamani unaweza kuwa shilingi. Basi mpe kila mtoto shilingi, wote sawasawa, ili asiwepo wa kuulizwa kwa nini yeye hakupewa pipi.